Upasuaji wa mguu uliovunjika kwa msaada wa kompyuta: maswali ya wagonjwa na ndugu zao

Maswali haya ni ya watu waliovunjika paja au muundi, yaani mfupa wa mguu ulio chini ya goti, na zaidi ni ya ndugu zao, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi yuko kwenye maumivu na anayeuliza ni kaka yake au shangazi aliyemleta. Majibu ni ya jumla. Daktari aliyeushika mguu wako na kuzisoma picha zake anajua mambo ambayo ukurasa huu hauwezi kuyajua.

Kompyuta inafanya nini hasa katika upasuaji wa mguu?

Inapima na kuonyesha. Daktari anapotoboa mfupa kwa keekee, ncha ya keekee imezama ndani ya nyama na haionekani inakoelekea. Katika mfumo mmoja, kamera ya mwanga usioonekana kwa macho huwekwa mita chache kutoka kwenye meza ya upasuaji. Inafuata vitufe vinavyoakisi mwanga huo, ambavyo vimefungwa kwenye keekee na kwenye mfupa wenyewe. Programu inajua wakati wote kila kitufe kiko wapi, na inachora njia ya keekee juu ya picha za eksirei zilizopigwa muda mfupi kabla. Daktari akisogeza mkono milimita mbili, mstari wa kwenye skrini nao unasogea milimita mbili.

Mfumo mwingine hautumii kamera bali uga wa sumaku. Sensa ndogo inaingizwa ndani ya chuma kilichomo kwenye mfupa, na kifaa kinachozalisha uga huo kinashikwa nje ya ngozi. Skrini inaonyesha keekee iko wapi ikilinganishwa na tundu la skrubu lililofichika.

Na kuna kompyuta inayofanya kazi yake kabla ya siku ya upasuaji: picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha mguu kipande kwa kipande, za mguu uliovunjika zinageuzwa kuwa umbo kamili, daktari anavipanga vipande kwenye skrini, anachagua urefu wa chuma na mahali pa kila skrubu. Mara nyingi mguu mwingine usioumia hupigwa picha pia, ukageuzwa kama kwenye kioo, ukawa kielelezo cha jinsi mguu ulioumia ulivyokuwa. Hii ya mwisho haisifiwi sana, ingawa kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha daktari kufikiri mapema, kabla ngozi haijafunguliwa.

Kwa hiyo ni roboti ndiyo inayonipasua?

Hapana. Mikono ni ya daktari. Roboti za mifupa zipo, na si za jana. Ile iliyoitwa Robodoc ilitumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1992 huko Sacramento, California, kuchonga nafasi ndani ya mfupa wa paja ili nyonga bandia ikae sawasawa. Leo roboti zimezoeleka zaidi katika kubadilisha goti na nyonga.

Mfupa uliovunjika ni kazi nyingine kabisa. Goti linalobadilishwa ni mfupa mzima: ukishaupiga picha na kuufunga vitufe, umbo lake halibadiliki hadi mwisho. Mguu uliovunjika una vipande viwili, vitatu au zaidi, na kila kimoja kinatembea kivyake misuli ikivuta. Picha ya jana haifanani na hali ya leo. Ndiyo maana kila kipande kikubwa kinahitaji vitufe vyake, na picha zinapigwa upya mgonjwa akiwa tayari mezani.

Picha inaonyesha mfupa wangu umeunga vizuri. Mbona mguu unatazama nje?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mgonjwa wa paja alisome, hata kama hospitali yake haina kompyuta yoyote.

Mfupa mrefu unaporudishwa mahali pake kuna mambo matatu ya kuangalia: urefu, unyoofu na mzunguko. Urefu na unyoofu vinaonekana kwenye eksirei. Mzunguko unajificha, kwa sababu eksirei ni picha bapa. Fikiria vipande viwili vya nyama kwenye kijiti cha mshikaki. Ukivitazama kwa upande vimenyooka safi, lakini kimoja kinaweza kuwa kimezunguka na mwenzake hakikuzunguka. Paja lenye msumari ndani yake, yaani chuma kirefu kinachopita katikati ya mfupa, liko hivyo hivyo mpaka skrubu zifungwe juu na chini. Zikifungwa kipande cha chini kikiwa kimezunguka, mfupa utaunga vizuri sana katika hali hiyo ya kuzunguka, na picha itapendeza.

Paja lenyewe halikuumbwa bapa. Shingo ya mfupa, ile inayoingia kwenye nyonga, imeelekea mbele kidogo, kwa watu wazima wengi nyuzi 10 hadi 15. Lakini watu hutofautiana sana, kwa hiyo hakuna kipimo kimoja cha kumpa kila mgonjwa. Kipimo cha kuaminika ni mguu wako mwingine. Madaktari hupiga CT kwenye nyonga na kwenye goti kwa miguu yote miwili, kisha wanalinganisha. Tofauti inayozidi nyuzi 15 kwa kawaida huhesabiwa kuwa kasoro, na mgonjwa huihisi anapokimbia, anapopanda ngazi, au goti linapoanza kuuma miezi baadaye bila sababu inayoonekana.

Hapa kompyuta inasaidia kweli. Kipande cha juu kikiwa na vitufe vyake na cha chini vyake, skrini inamwambia daktari ni nyuzi ngapi kabla hajafunga skrubu ya mwisho. Pasipo kompyuta, daktari hulinganisha umbo la mfupa kwenye eksirei za pande zote mbili, na mwisho wa upasuaji huzungusha nyonga zote mbili aone kama zinaenda sawa. Akiwa mwangalifu hupata matokeo mazuri kwa njia hiyo.

Wewe mwenyewe unaweza kujiangalia. Siku maumivu yakishatulia, lala chali, ilegeze miguu yote miwili, umwombe mtu asimame miguuni pako atazame vidole vinaelekea wapi. Kisha kaa kitandani miguu ikining'inia na ulinganishe magoti. Ukiona tofauti kubwa, sema mapema, usingoje. Ikigundulika wiki za mwanzo, daktari anaweza kutoa skrubu za upande mmoja, kuzungusha mguu na kuzifunga upya. Mfupa ukishaunga, marekebisho yanataka ukatwe upya, na huo ni upasuaji mkubwa. Wagonjwa wengi hunyamaza kwa heshima, wakidhani daktari ameshaona. Huenda hajaona. Kumwambia si kumkosea adabu.

Daktari alisema kazi ngumu ni skrubu za chini. Kwa nini?

Msumari wa ndani ya mfupa ulianzishwa na Mjerumani Gerhard Küntscher, aliyekuwa akifanya kazi Kiel, mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea mwisho, madaktari wa upande wa pili walishangaa kuona mateka wanarudi makwao na vyuma ndani ya mapaja, wakitembea. Misumari ya kwanza haikuwa na skrubu. Ilishika kwa kubana ndani ya mfupa, na ilifaa zaidi palipovunjika katikati. Skrubu za juu na chini zilienea katika miaka ya 1970, na ndizo zilizowezesha kutibu mfupa uliosagika bila mguu kufupika.

Tatizo ni kwamba msumari wa paja ni mrefu, na mfupa wa paja si fimbo iliyonyooka. Una mpindo wa asili kuelekea mbele. Msumari ukipita humo nao unapinda kidogo. Skrubu za juu zinalengwa kwa urahisi kwa kifaa kilichofungwa kwenye kichwa cha msumari. Tundu za chini zimeshahama milimita kadhaa, na tundu lenyewe ni la milimita chache tu.

Kwa njia ya kawaida daktari hutumia eksirei ya thieta yenye mkono wa umbo la herufi C. Anaigeuza mpaka tundu lionekane duara kamili, anaweka ncha ya keekee katikati ya duara, anatoboa, anapiga picha tena, anarekebisha. Kila kupiga picha ni mionzi. Mfumo wa sumaku niliousimulia ulitengenezwa kwa ajili ya hatua hii: skrini inaonyesha duara, daktari anaelekeza keekee hadi alama zilingane, anatoboa bila kupiga picha wakati wa kulenga.

Afrika Mashariki huduma hii ipo?

Wagonjwa wengi wa paja hapa kwetu, wengi wao wa ajali za bodaboda, hawatibiwi kwa kamera wala sumaku, na sitaki mtu auze shamba akidhani bila hivyo hatatembea.

Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle, Mmarekani aliyewahi kuwa daktari wa jeshi Vietnam, alianzisha shirika la SIGN mjini Richland, jimbo la Washington. Alikuwa ameona hospitali zenye madaktari hodari lakini hazina eksirei ya thieta, na kwingine ipo lakini imeharibika. Msumari wa SIGN ni wa chuma kisichoshika kutu, na umeundwa ufungwe bila eksirei ya thieta. Mkono mrefu wa kulengea unashuka nje ya mguu hadi usawa wa tundu za chini. Daktari akishatoboa ukuta wa mfupa, anaingiza kifaa chembamba na kulitafuta tundu kwa kupapasa, na likipatikana anahisi kwa mkono kabla ya kutia skrubu. Misumari hii inatumika katika nchi zaidi ya 50, ikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na imewafikia mamia ya maelfu ya wagonjwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni mojawapo ya mahali inapotumika sana.

Kompyuta ipo hata hapo, ila kazi yake si kulenga. Daktari anayepewa misumari hiyo hutuma picha za kabla na baada ya upasuaji, na za mgonjwa anaporudi kliniki, kwenye hazina ya pamoja ya mtandaoni, ambako madaktari wenzake huzitazama na kushauri. Mimi naihesabu hiyo kuwa msaada wa kompyuta kwa mgonjwa, tena wa thamani, kwa sababu kosa la mguu mmoja linakuwa somo kwa mguu unaofuata.

Ukiwa na ndugu aliyeumia Ulaya, Ghuba au Marekani, au umepewa rufaa kwenda India, huko uwezekano wa kukutana na mifumo ya kulenga ni mkubwa zaidi.

Nimefungwa antena. Na yenyewe ina kompyuta?

Inawezekana, kutegemea aina.

Antena ya kawaida, yaani vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi na kushikwa na fimbo, haina. Ile ya pete inatokana na kazi ya Gavriil Ilizarov, aliyeanzia Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Aligundua kwamba mfupa uliokatwa ukivutwa polepole, milimita moja kwa siku, kwa kawaida ikigawanywa mara nne, mfupa mpya unaota katika pengo. Kwa njia hiyo miguu iliyofupika imerefushwa na iliyopinda imenyooshwa.

Miaka ya 1990 daktari J. Charles Taylor wa Memphis, Tennessee, aliunganisha pete mbili kwa nguzo sita zinazorefuka na kufupika. Nguzo sita zinatosha kusogeza kipande cha mfupa kwenda upande wowote na kukizungusha kwa pembe yoyote. Lakini hakuna binadamu anayeweza kukisia kichwani kila nguzo irefuke kiasi gani. Daktari anaingiza vipimo vya eksirei kwenye programu, na programu inatoa ratiba ya kila siku: nguzo ya kwanza zungusha hivi, ya pili vile.

Hapa mfanyakazi mkuu ni mgonjwa. Utakwenda nyumbani na karatasi hiyo na utazungusha nguzo mwenyewe. Ibandike ukutani, weka alama kila unapomaliza, na mtafute mtu mmoja wa nyumbani atakayekukumbusha. Ukikosea siku moja usijaribu kufidia kwa kuzungusha mara mbili. Piga simu kliniki. Usafishe mahali vyuma vinapoingia kwenye ngozi kama ulivyoelekezwa. Usaha au wekundu unaoenea si wa kusubiri tarehe ya kliniki.

Nina mfupa uliotokeza nje. Kompyuta itanisaidia?

Kidogo sana, na si kwanza. Mfupa ukitoboa ngozi adui mkubwa ni wadudu wa maambukizi. Unachohitaji ni dawa za antibiotiki mapema iwezekanavyo, kinga ya pepopunda, na kidonda kuoshwa vizuri thieta na kuondolewa nyama iliyokufa. Hakuna skrini inayochukua nafasi ya hayo.

Kuhusu chuma gani kitumike, kuna utafiti wa nyumbani wa kujivunia. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ukilinganisha msumari wa ndani na antena kwa watu waliovunjika muundi wenye kidonda wazi. Baada ya mwaka mmoja, vifo na marudio ya upasuaji havikutofautiana kwa kiwango cha kutosha kusema njia moja inaishinda nyingine, ila waliowekewa msumari miundi yao ilikuwa imenyooka zaidi. Madaktari wa nchi tajiri nao wanausoma.

Mfupa utaunga haraka zaidi?

Hapana. Kompyuta haiongezi kasi ya mfupa kuunga. Paja la mtu mzima huchukua miezi mitatu hadi sita, muundi mara nyingi miezi minne hadi sita, na wenye kidonda wazi zaidi ya hapo. Sigara inachelewesha sana. Ukiweza kuacha kitu kimoja tu kwa ajili ya mguu wako, acha hicho. Kula vizuri, dhibiti sukari kama unayo, na fanya mazoezi ya goti hata kama yanauma. Kuhusu kukanyaga, daktari akisema kanyaga, kanyaga. Watu hukaa na magongo miezi wakiogopa kuvunja chuma, goti likakakamaa na misuli ya paja ikaisha.

Kinachothibitika kwa mifumo ya kulenga ni mionzi kupungua.

Mionzi hiyo ina hatari kwangu?

Kwa mgonjwa ni kidogo, kwa kuwa unapasuliwa mara moja au mbili. Anayehusika zaidi ni daktari na wauguzi, wanaosimama pale mwaka hadi mwaka, mikono ya daktari ikiwa karibu kabisa. Kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla ya picha yoyote, hata ya eksirei ya kawaida.

Kuna hasara?

Zipo. Vitufe vinashikwa na vipini vinavyotobolewa kwenye mfupa, na kila tundu ni mlango mdogo wa maambukizi. Kitufe kikigongwa kikahama, skrini itaonyesha uongo kwa utulivu kabisa, na daktari asiye makini ataufuata. Kamera ikizibwa na mtu aliyesimama katikati, picha inakatika. Mfumo wa sumaku nao unavurugwa na vyuma vilivyo karibu. Upasuaji unaweza kurefuka, hasa timu inapokuwa bado inajifunza. Daktari mzuri hukagua tena kwa eksirei kabla ya kufunga ngozi, na huwa tayari kuendelea bila kompyuta ikizimika.

Bei ya mitambo ni kubwa na mwisho wa yote humfikia mgonjwa. Ulize hospitali na bima yako kwa maandishi nini kinalipiwa: chuma, thieta, kitanda, na kutolewa chuma baadaye.

Kwa nini nisiende kwa mhazigi?

Wahazigi, yaani waganga wa kienyeji wa kuunga mifupa, wapo sehemu nyingi, wako karibu, na hawaanzi kwa kuomba malipo ya kitanda. Naelewa kwa nini familia huwaendea. Lakini paja la mtu mzima lina misuli yenye nguvu kiasi kwamba banzi na kamba haziwezi kuzuia mguu kufupika. Hatari kubwa zaidi ni kukazwa. Mguu uliovunjika unavimba, na banzi lililofungwa kwa nguvu linakata damu. Kuna watu, watoto wakiwemo, waliopoteza mguu kwa mvunjiko ambao ungepona. Kama mmeshakwenda kwa mhazigi, njooni tu hospitali hata hivyo. Asiwazuie aibu.

Dalili gani zinitoe nyumbani usiku huo huo?

Maumivu makali yanayozidi kila saa na kukataa dawa, hasa yanapozidi vidole vya mguu vikinyooshwa. Vidole vya baridi, vilivyopauka au vilivyokufa ganzi. Huenda shinikizo limepanda ndani ya misuli, na misuli inakufa ndani ya saa chache. Kama una hogo, likatwe kwanza, maswali baadaye. Vilevile homa pamoja na kidonda kinachotoa usaha, uvimbe wa ghafla wa mguu mzima, au kukosa pumzi na kifua kuuma.

Chuma kitatolewa lini?

Kwa mtu mzima mara nyingi hakitolewi kabisa kama hakisumbui. Kwa watoto hutolewa zaidi, na misumari yao kwa kawaida ni myembamba inayopindika, ili isiguse sehemu ambako mfupa unakua.

Nikipita uwanja wa ndege kitalia?

Kinaweza kulia. Waambie walinzi mapema na uwaonyeshe kovu. Ukitakiwa kufanyiwa kipimo cha MRI, mwambie mhudumu kuwa una chuma, mahali kilipo na mwaka kilipowekwa. Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini ina maelezo hayo, kwa hiyo itunze.